Harufu ya Vitumbua

Siku hizi kila kozi ya watu wazima hufundishwa kwa harufu, maana ubongo hausahau ulichonusa. Kozi ya kuzima moto niliibuni mimi, nikaichagulia harufu ya vitumbua vya marehemu mama. Niliijaribu mwenyewe kwanza. Wanafunzi waliipenda mno, na hakuna aliyefeli.

Leo nimepika vitumbua. Mume wangu, Makame, aliponusa tu akasimama wima.

"Funga gesi. Usiyamwagie mafuta maji. Funika kwa blanketi bichi."

Tukacheka mpaka machozi. Jirani naye akapaza sauti dirishani kwake, "Toeni watoto kwanza, jamani."

"Mama angefurahi," Makame akasema.

Nikafumba macho, nikaivuta ile harufu ili nimwone mama jikoni kwake. Nikaona mtungi wa gesi.