Kadi Yenye Saa Nane

Hirut, mtengenezaji wa programu za simu, alikuwa karibu kusaini mkataba wa kuwakumbusha wajawazito wa mji wa Hawassa tarehe zao za kliniki. Wauguzi walilalamika kwamba wanawake husahau, wengi hawatokei.

"Ngojeni kwanza nimuulize mmoja," Hirut aliwaambia, akatoka nje ya kliniki.

Mama mmoja alikuwa ameketi kwenye ngazi, miguu imemvimba, kadi imelowa jasho mkononi.

"Dada, ulisahau saa yako ya kliniki?"

"Nisahau na tumbo hili?" Mama alicheka bila furaha. "Hii ni mara ya tatu. Kila nikija wamefunga, mlinzi ananiambia nimechelewa. Kwani saa nane imeshapita?"

Hirut aliitazama kadi. Kompyuta ilikuwa imechapa 8:00. Kwa hesabu ya Wazungu, hiyo ni saa mbili asubuhi. Mama alisoma nane, akaja saa nane mchana, kama ambavyo mtu yeyote wa Hawassa angekuja.

Hirut akamshika mama mkono, akamwinua taratibu, akagonga mlango wa wauguzi.

"Fungueni! Mgonjwa wenu amewahi."