Moyo wa Mwanate

"Maji ya dagaa mlangoni kwangu tena! Huna haya, Mwanate!"

"Nani, mimi? Kwa mdomo wako huo…"

Bangili ya kupima moyo mkononi mwa Mwanate ikawaka nyekundu, naye Saumu, jirani aliyemfokea, akamkimbilia. Wiki hii moyo wa Mwanate ndio uliopewa kuongoza mwendo wa vikosi vyote mpakani: ukienda mbio, askari wanashambulia, ukitulia, wanasubiri. Na Shaweji, mwana wa Saumu, yumo katika kikosi cha mbele.

"Shoga, pumua! Nimekosa mimi."

Mwanate akapumua taratibu, bangili ikarudi kijani. Redio ikatangaza: vikosi vimesimama, wote salama.

Saumu akacheka huku akilia. "Alhamdulillahi! Zimebaki siku ngapi?"

"Sita."

"Basi karibu ndani, mwenzangu, tule. Polepole lakini."