Ugonjwa wa Gari la Buluu

Plagi nene ya rangi ya machungwa ilikuwa imefichwa ndani ya soksi safi, kwenye droo ya chini ya meza ya fundi. Bila plagi hiyo umeme wa betri kubwa haupiti, na lile gari dogo la buluu, la umeme na petroli pamoja, lisingewaka hata lingeimbiwa.

Aliyeichomoa ni fundi mwenyewe. Katika miaka kumi na minne ya kazi hakuwahi kuandika ugonjwa wa uongo kwenye karatasi ya gereji. Sasa alikuwa ameandika, na sahihi yake ilikuwa pale chini: betri imeingia unyevu, kifaa kimeagizwa.

Aliyemwomba ni binti wa wenye gari, mwanamke wa makamo aliyelileta asubuhi moja na kukataa hata kukaa.

"Mzazi wangu amekuwa msahaulifu, kaka," alisema. "Juzi ametoka kwenda benki, hapo tu. Umeme ukaisha, petroli ikapokea, naye akaendelea tu. Tumempata jioni, mji wa tatu kutoka hapa, tangi kavu, amejifungia ndani analia."

"Si mchukue ufunguo?"

"Ukimnyang'anya ufunguo umemmaliza. Lakini gari likiugua lenyewe, hatamlaumu mtu. Nisaidie, tafadhali."

Fundi akawafikiria watoto wanaovuka barabara mbele ya shule. Akakubali.

Hakujua kwamba wenye gari wenyewe wangekuja kila Alhamisi.

Saa nne kamili teksi ilisimama getini, wakashuka mzee na mkewe. Mzee alikuwa mrefu kama mlingoti, mwalimu mstaafu wa fizikia, viatu vinang'aa. Mama alikuwa mfupi na mcheshi. Kila alipofika alimpa fundi mkono na kumuuliza, "Wewe ndiye fundi mpya?" Fundi alicheka na kumjibu, "Ndiyo, mama, nimeanza leo."

Kisha mzee aliuliza swali lake, lile lile la kila wiki.

"Hebu nieleze tena, fundi. Polepole, na kwa sauti. Kwa nini injini ya petroli isilivute gari peke yake?"

"Kwa sababu mota ya umeme ndiyo inayoiamsha, mzee. Hivi viwili vinafanya kazi pamoja. Kompyuta ikiona betri kubwa ina hitilafu, inafunga kila kitu, kwa usalama."

"Na kifaa?"

"Hakijafika."

"Bado sana?"

"Bado, mzee."

Kila alipojibu, fundi aliangalia sakafu. Mtu aliyefundisha fizikia maisha yake yote, leo hakumbuki alichoambiwa Alhamisi iliyopita! Na jinsi alivyolifurahia gari lile. Alimweleza fundi, kwa mikono yote miwili, namna mota inavyogeuka jenereta ukikanyaga breki, ikarudisha umeme ambao magari mengine huutupa bure kama joto. Siku moja fundi, kwa huruma, akamfungulia mlango wa dereva akae kidogo. Mzee akakaa kwa adabu, kama mgeni sebuleni, magoti yakigonga usukani. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele mno. Fundi akamlaani kimoyomoyo mwosha magari wa gereji kwa kukisogeza, akamwomba mzee radhi.

Nyumbani mkewe alimuuliza mbona chakula anakichokonoa tu.

"Nimechoka," akasema. Na huo nao ulikuwa uongo.

Mara mbili alimpigia simu binti kumwambia hawezi tena. Mara zote mbili binti alianza kulia kabla hajamaliza salamu, na fundi akajikuta anamtuliza, anamuahidi wiki moja zaidi.

Alhamisi ya tano mama aliomba aelekezwe msalani. Alipotoka, mzee alimshika fundi mkono, akaushikilia.

"Nakushukuru, mwanangu," alisema. "Si kila fundi angetufanyia hivi."

Fundi akahisi uso unawaka moto. Angetukanwa angevumilia. Shukrani hizi zilimshinda. Alikwenda kwenye droo, akatoa ile soksi, akaitikisa, na plagi ikaangukia kiganjani mwa mzee.

"Nisamehe, mzee wangu. Gari ni zima. Halina unyevu, hakuna kifaa kilichoagizwa. Hii nimeichomoa mimi."

Mzee aliitazama plagi, kisha akatazama kule alikokwenda mkewe.

"Irudishe," akanong'ona. "Upesi."

"Hapana, mzee. Nimekudanganya wiki tano, silali, sili." Sauti ilikuwa imempanda na hakuweza kuishusha. "Binti yako aliniomba. Alisema umeanza kusahau, alisema ulipotea na gari. Aliogopa utaua mtu, au utakufa. Lakini wewe ni mtu mzima, una haki ya kuambiwa ukweli usoni."

Mzee alijaribu kuitia plagi mfukoni. Kwa haraka yake ikagonga kifungo cha koti, ikaanguka sakafuni.

"Punguza sauti, mwanangu, nakuomba," alisema. "Mimi sijui kuendesha gari. Sijawahi kujifunza."

Lakini mama alikuwa amekwisha kurudi. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono bado ina maji, na hakuwa anacheka.

"Kwa hiyo gari langu ni zima," akamwambia mumewe. "Mbovu ni mimi."