Pedali ya Mama Tunu

Siku hizi mtu akifariki, sauti yake huhifadhiwa ndani ya pedali, na familia hukabidhiwa baada ya arobaini. Ukiikanyaga, marehemu anakusalimia. Watoto hawaruhusiwi kuisikiliza mpaka wafikishe miaka kumi na minane.

Ya mke wangu nilipaswa kuitunza kabatini. Lakini mimi ni mpiga besi wa bendi ya dansi. Siku moja mazoezini niliichomeka kati ya gitaa na spika, besi ikatoka laini, ikihema kama mtu. Wenzangu walipiga mayowe ya shangwe. Tangu hapo sikupanda jukwaani bila hiyo pedali, ingawa nilijua sauti ya mke wangu inalika kila ninapoikanyaga.

Jana binti yetu Tunu, aliyefiwa na mama yake akiwa na miaka minne, alitimiza kumi na minane.

"Baba, nitolee Mama."

Akavua kiatu, akaikanyaga taratibu. Ukatoka mngurumo mzito wa nyuzi za besi yangu, kisha kimya.

Tunu akafuta machozi, akatabasamu.

"Kumbe Mama alikuwa na sauti nzito hivi?"

"Ndiyo, mwanangu," nikamjibu. "Hivyohivyo."

Akaikanyaga tena.