Kona Iliyokatwa

"Punguza sauti, mteja anasikia."

"Asikie. Nani amekata hii kona?"

Winifred alikuwa amekishika kitabu cha nyota ambacho jana alikiweka kwenye sanduku la vitabu vya pauni mbili. Kilikuwa nakala ya klabu ya vitabu, chapa ya bei nafuu ya wanachama, na nakala hizo hazichapwi bei kwenye jalada la karatasi. Sasa pembe ambapo toleo la kwanza, lile lenye thamani, huwa na bei ilikuwa imekatwa, ili mtu adhani bei ilikuwepo. Jalada zima lilikuwa limegeuka manjano. Ukingo uliokatwa tu ndio uliokuwa mweupe.

"Watu hukata bei wakitoa zawadi, Winnie," mumewe alisema.

"Zawadi gani? Umekata leo asubuhi, kwa mkasi wangu wa kucha."

Ng'ambo ya meza yao kwenye maonyesho ya vitabu vya zamani, mwalimu mmoja mstaafu alikuwa ameshafungua pochi.

"Kwa pauni mia nne, ni toleo la kwanza kweli, mama?"

Mumewe akamkanyaga Winifred mguu.

Winifred aliiacha penseli ya kuandikia bei, akachukua kalamu ya wino. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaandika kwa herufi kubwa: NAKALA YA KLABU.