Masizi ya Mzee Nagase

Barua kutoka Japani ilifika hapa mjini Wheaton, ughaibuni kwetu sote wawili, mwanzoni mwa 1998. Watu wa makumbusho walikuwa wanaifufua injini ya mvuke aliyoendesha Mzee Nagase, ile ndogo ya aina ya C11 inayobeba maji yake ubavuni. Waliomba kibao chake cha namba. Mzee, ambaye kumhudumia ndiyo kazi yangu, alikataa katakata. Kibao kikabaki chini ya mto wake, cheusi tii.

Leo mchana aliposinzia nikakichomoa. Baba yangu alikuwa fundi wa reli Tabora. Kwetu shaba chafu ilikuwa aibu. Nikakisugua kwa limau na chumvi mpaka theluji ya dirishani ikaonekana ikielea ndani yake.

"Umefanya nini?" Mzee alikuwa ameketi kitandani. "Masizi yale yalikuwa ya safari yetu ya mwisho. Miaka ishirini na tano sijayagusa."

Nikakosa pa kuficha uso. Jikoni birika likaanza kupiga mluzi.

Akaninyang'anya kitambaa nilichosugulia, sasa cheusi kwa masizi. Akakinusa, macho ameyafumba, mpaka birika likanyamaza lenyewe. Kisha akakikunja taratibu, akakiweka chini ya mto.

"Kibao wapelekee," akasema.