Kauli Moja ya Kobe

Kobe wanazuoni hawatoki kwao ovyo. Ila bwawa lilipoanza kukauka, Chura aliwasihi wakutane, nao wakakutana.

"Waheshimiwa, tuhamie wapi?" akauliza.

Kwa desturi yao, kobe hatoi hoja ila kichwa kikiwa gambani. Basi wote wakaingiza vichwa, na kila mmoja akatamka hoja yake humo humo ndani. Mwangwi ulipomrudia, akadhani ni wenzake wanamuunga mkono.

Wakachomoza vichwa wakitabasamu.

"Tumeafikiana kwa kauli moja!" wakasema kwa pamoja.

"Alhamdulillahi! Basi tangulieni, sisi wa bwawani tuwafuate."

Kobe wakaondoka kwa fahari, kila mmoja kashika njia yake.

Chura akabaki topeni, akigeuka huku na huku.

"Heri wangegombana," akasema.